Nilivyomwona popo wa Livingstone kisiwani Mwali

Jioni ya kwanza nilishangilia popo ambao sio. Nilikuwa Nioumachoua, kusini mwa Mwali, kisiwa kilicho kidogo kuliko vyote vitatu vya Muungano wa Komoro. Jua lilikuwa linazama, popo wakubwa wakapita juu ya minazi, nami nikawapiga picha mfululizo. Mwenyeji wangu, mzee aliyefanya kazi Unguja ujanani, alizitazama picha moja moja, akanirudishia kamera.

"Hawa wamejaa visiwa vyote, mwanangu. Wako ni mweusi tii, masikio ya duara. Tena ukimwona akipigapiga mbawa muda wote, jua siye."

Nilihuzunika kweli. Nilikuwa nimevuka kutoka Chindini, Ngazija, hadi Hoani kwa boti ndogo, bahari imechafuka, kamera nimeizungushia mifuko ya plastiki mitatu. Yote kwa ajili ya mnyama mmoja. Popo wa Livingstone anaishi Nzwani na Mwali tu, hana kwao kwingine duniani, na wote kwa pamoja hawafiki 2,000. Hulala kwenye miti mikubwa ya msitu wa asili, katika miteremko mikali iliyoachwa na volkano. Miti hiyo ikikatwa watu wapande migomba, popo hana pa kuhamia.

Mvua ikanyesha siku mbili na njia ya mlimani ikawa haipitiki. Mzee akanituma Itsamia, nikamwone kasa walau. Huko wanakijiji wenyewe ndio wanaolinda fukwe. Kijana aliyenipeleka usiku alinikataza kuwasha tochi, tukakaa mchangani kimya, mawimbi yakisikika, hadi kasa akapanda na kuanza kufukua. Hata hapo hatukusogea. Kasa akishtuliwa kabla hajaanza kutaga hugeuka akarudi baharini na mayai yake tumboni. Mayai yalipoanza kudondoka ndipo kijana akaniashiria nije nyuma yake, taratibu. Hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na ingawa najua ni njia yake ya kutoa chumvi mwilini, nilishindwa kuyatazama kama chumvi tu.

Siku ya nne anga ikafunguka. Nilitaka tuondoke alfajiri, mzee akakataa. Tukatoka baada ya adhuhuri. Udongo ulikuwa bado unateleza, nikawa napanda kwa kushika mizizi. Nilidhani tutakwenda chini ya mti wenyewe. Badala yake tulisimama kwenye kigongo cha upande wa pili wa bonde, mbali kabisa, kwa sababu popo hawa wakibughudhiwa hutawanyika, na jike hulea mtoto mmoja tu kwa uzazi.

Kwa darubini niliona vitu vyeusi vimening'inia kama miavuli iliyokunjwa. Kimoja kikajipepea kwa bawa lake. Ndipo nikajua nimewaona, na mikono ikaanza kutetemeka hata darubini haikutulia.

Tulikaa zaidi ya saa mbili. Kama saa kumi jioni, jua bado kali, mmoja akaachia tawi. Nilitegemea apige mbawa. Hakupiga. Alizitandaza tu, mbawa pana zenye kufika karibu mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, hewa ya joto iliyokuwa ikipanda kutoka bondeni ikambeba, akazunguka juu kama mwewe. Alipogeuka, jua likapenya ngozi ya bawa nikaona mifupa ya vidole vyake, na begani manyoya ya rangi ya dhahabu iliyoiva. Popo, mchana kweupe, akielea! Kama nisingeambiwa, ningesema ni ndege na kuendelea na safari yangu.

Nilipiga picha sita, moja tu ikatoka vizuri. Baada ya hapo kamera nikaiweka chini, kwani wengine walianza kuachia matawi nami sikutaka kuwatazama kupitia kioo.

Mzee alikuwa ametoa daftari lililochakaa na kalamu ya risasi. Aliwahesabu kwa sauti ya chini kila walivyotoka, na alipofika arobaini na moja akaniuliza, "Na wewe umepata wangapi?" Nilikuwa nimesahau kuhesabu.