Siku Niliyoingia Karakana ya Akina Klais

Nilikuwa nimepiga kinanda cha mabomba, kile kinacholia kwa upepo unaopita mabombani, kanisani kwa miaka mingi kabla sijaona jinsi bomba la kinanda linavyotengenezwa. Nafasi hiyo niliipata Bonn, Ujerumani, katika karakana ya kujenga vinanda aliyoianzisha Johannes Klais mwaka 1882, ambayo aliirithi mwanawe Hans, kisha Hans Gerd, na baadaye Philipp, kitukuu wa mwanzilishi.

Asubuhi ile mafundi walikuwa wakimimina madini. Bati na risasi vilivyoyeyushwa pamoja vilimwagwa katika sanduku la mbao, nao wakalisukuma upesi juu ya meza ndefu, likiacha nyuma yake utando uliong'aa kama kioo na kufifia papo hapo ulipoganda. Bamba hilo hupunguzwa unene, hukatwa, huviringishwa na kulehemiwa. Hata hivyo, bomba likifika hapo bado halina sauti ya kufaa. Ni lazima lipelekwe kwa fundi wa sauti, ambaye hurekebisha mdomo wake na kupanua au kubana tundu la upepo lililo chini, kidogo kidogo, huku akisikiliza. Nilisimama karibu naye kwa muda mrefu kuliko nilivyoruhusiwa, kwa sababu kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe; mengine yote ni maandalizi.

Fundi mzee aliyetuongoza nilimuuliza kama ukoo huu una sauti yake ambayo kila kinanda hulazimishwa kuifuata. Akanijibu kwa kunisimulia kinanda cha mianzi cha Las Piñas, Ufilipino, alichokikamilisha Padri Diego Cera mwaka 1824. Kina mabomba 1,031, na 902 kati yake ni ya mianzi. Mwaka 1973 kililetwa Bonn vipande vipande ili kikarabatiwe, na hapo karakana ikaandaa chumba chenye joto na unyevu wa nchi za tropiki ili mianzi isipasuke, hadi kiliporudishwa kwao mwaka 1975. Naona jibu hilo lilikuwa kamili: mjenzi aliyejali jina lake tu angeweka mabomba mapya ya chuma na kuyaita ukarabati.

Jioni nilikwenda kanisa kuu la Köln, ambako Hans Klais alijenga kinanda mwaka 1948, kanisa lilipotimiza miaka 700 tangu jiwe lake la msingi liwekwe. Mwaka 1998 karakana hiyohiyo, ikiongozwa na mjukuu wake, iliongeza kinanda cha pili chenye uzito wa takriban tani 30, kinachoning'inia kutoka darini kwa vyuma vinne. Mpigaji mmoja anaweza kuvipiga vyote viwili kwa pamoja. Vilipolia, kazi ya babu na ya mjukuu niliweza kuzitofautisha kwa upande sauti ilikotokea tu.