Maembe 12 ya Salma

Salma ana maembe 12. Amemzidi Hamad maembe 3. Hamad ana maembe mangapi?

Fumbo hili nililisoma barazani kwetu Wete, wiki ya kwanza ya likizo, mbele ya watoto saba wa darasa la tano na la sita. Sijafunga daftari, mikono sita iko juu. "Kumi na tano, shangazi!" Wote sita jibu moja. Wa saba, mtoto wa kaka yangu, hakunyanyua mkono. Alikuwa kainamia sakafu. Nikamuuliza, "Wee waonaje?" Akasema kwa sauti ndogo, "Mbona mwenye mengi ni Salma?"

Mtoto huyu ndiye anayesemwa nyumbani kuwa hesabu haziwezi. Jedwali la saba linamtoa jasho. Lakini siku ile yeye peke yake ndiye aliyesikiliza habari ya Salma na Hamad. Wenzake walisikia "kumi na mbili", wakasikia "zidi", wakasikia "tatu", basi, wakajumlisha.

Mie si mwalimu wa skuli, nashona nguo. Watoto huja baada ya alasiri, nikiwa nimeshaweka cherehani pembeni, na nimekaa nao miaka ya kutosha kujua kwamba wengi wao hesabu wanaziweza. Wape 12 kutoa 3, watakujibu hata usingizini. Kinachowashinda ni kulijua fumbo linasimulia nini. Na kuna jambo moja wanalofundishwa ambalo silipendi hata kidogo, ile orodha ya maneno: ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "baki" toa, ukiona "kila mmoja" gawanya. Orodha ile inamfanya mtoto aache kusoma. Anawinda neno moja tu, akilipata anakimbia nalo.

Kwa hiyo siku hizi fumbo lolote nalisoma mara ya kwanza bila namba. "Salma ana maembe. Amemzidi Hamad. Nani ana mengi?" Salma. "Kwa hiyo ya Hamad yatakuwa mengi kuliko ya Salma, au machache?" Machache. Hapo ndipo nawapa 12 na 3, na hakuna tena anayesema 15, maana ameshajua jibu lazima liwe chini ya 12.

Kisha tunakipa jina kile tusichokijua. Hapa pana shimo jengine, na mie mwenyewe nilitumbukia utotoni. Mwalimu wangu aliandika x ubaoni akaendelea na safari yake, nami nikakaa mwaka mzima nadhani x ni aina ya namba wanayoijua wakubwa. Nikiwaambia watoto tuandike h, mmoja hudakia, "h ni Hamad." Mwengine, "h ni embe." Hapana, wanangu. Hamad ni mtu, hatuwezi kumjumlisha na 3. Embe ni tunda. h ni idadi ya maembe aliyonayo Hamad, ni namba, ila bado imejificha. Nawataka waandike sentensi nzima kwenye daftari: "h ni idadi ya maembe ya Hamad." Wananung'unika kwamba ni refu. Na waandike tu.

Halafu: h + 3 = 12.

Ile alama ya sawasawa nayo ina yake. Wengi wanaisoma kama "jibu linakuja sasa". Nilimwazima jirani mizani yake ya zamani ya sahani mbili, nikaweka sahani moja kifuko chepesi kilichofungwa pamoja na gololi 3, sahani ya pili gololi 12. Mizani ikatulia. Nikaondoa zile 3, sahani ikapanda. "Sasa tufanyeje isimame sawa?" Wakaniambia toa tatu na kule. Tukafungua kifuko, gololi tisa. Somo hilo halikuchukua hata robo saa.

Lililochukua siku mbili ni la karafuu.

Khamis na Time wamechuma karafuu, jumla pishi 20. Khamis amemzidi Time pishi 4. Kila mmoja amechuma pishi ngapi?

Nililitunga hivyo makusudi, kwa kuwa hapa Pemba mtoto hahitaji kuelezwa kwamba pishi ni kipimo cha karafuu wala kwa nini watu wanazihesabu kwa makini. Mchumaji analipwa kwa pishi. Hata hivyo wote walikwenda njia moja: 20 gawa kwa 2 ni 10, ongeza 4 kwa Khamis, 14, Time abakiwe na 6. Jumla 20, wakafurahi. Sikuwaambia wamekosea. Niliwaambia warudi kwenye fumbo wakaulize kila sentensi kama imetimia. Jumla 20, imetimia. Amemzidi pishi 4? Kimya. Binti mmoja, ambaye msimu uliopita alikuwa shambani na mamaake, akaruka: "Wamepishana nane! Umemnyang'anya Time nne ukampa Khamis, lazima wapishane nane."

Nikamimina mbegu 20 za komwe juu ya jamvi, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, maana mdomo unawasha. Walizisukuma huku na huku mpaka magharibi ikaadhiniwa, wakaenda zao bila jibu.

Kesho yake yule binti hakukaa hata kitako. Alichukua komwe nne akaziweka peke yake upande wa Khamis. "Hizi ni zake, tusiziguse." Zilizobaki, 16, akazigawa moja moja: ya Time, ya Khamis, ya Time, ya Khamis. Nane, nane. Khamis 12, Time 8. Ndipo nikachukua chaki, t ikiwa ni idadi ya pishi za Time:

t + t + 4 = 20
2t = 16
t = 8

Kila mstari nikawauliza, mkono ulifanya nini hapa? Mstari wa pili ni pale zilipowekwa nne pembeni. Wa tatu ni pale tulipogawa. Yule mtoto wa kaka yangu akasema, "Kumbe maandishi yanasimulia tu tulichokifanya." Nilitamani mamaake angekuwepo kumsikia.

Naona raha kuwaambia pia kwamba elimu hii haiko mbali nao. Neno lenyewe, aljebra, ni al-jabr ya Kiarabu, kurudisha kilichovunjika mahali pake, na hutumika hata kwa kuunga mfupa. Mwanahesabu Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha elimu hii Baghdad katika karne ya 9, na kile kisichojulikana alikiita shay, yaani kitu. Nilipolitamka, watoto wakalidaka pale pale, wanakutana nalo chuoni kila mara katika Kurani. Na sehemu kubwa ya kitabu kile inahusu mirathi na wasia, jambo ambalo kila nyumba hapa kisiwani italifikia. Tukafanya moja: marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na baada ya madeni kulipwa zimebaki shilingi 2,400,000. Mke ana thumuni yake, sehemu moja ya nane, 300,000. Kinachobaki ni 2,100,000, na wa kiume ana mafungu mawili ya wa kike. Fungu la wa kike tukaliita k: k + 2k = 2,100,000. Binti 700,000, kaka yake 1,400,000. Walijumlisha zote tatu bila kuambiwa, kuhakikisha kuwa zimerudi 2,400,000. Nimewahi kuona watu wazima wakikesha juu ya hesabu kama hiyo.

Mbele ya safari, skuli, mafumbo yatawajia kwa Kiingereza, na hilo linanitia wasiwasi kweli. Ninachowasisitizia ni kwamba fumbo likija kwa Kiingereza, kwanza limsimulie mwenzio kwa Kiswahili chako, umalize, ndipo ushike kalamu.

Alhamisi iliyopita niliwaambia kila mmoja aje na fumbo lake. Mtoto wa kaka yangu alifika wa kwanza, karatasi kaikunja mara nne. Alilisoma amesimama:

"Bibi ana kuku na bata. Kuku ni mara tatu ya bata. Idi wamechinjwa kuku wanne, na sasa kuku wamewazidi bata kwa wanane. Bibi ana bata wangapi?"

Kisha akawageukia wenzake, mikono ilikuwa imeshaanza kunyanyuka, akawaambia, "Shusheni kwanza. Nalisoma tena bila namba."