Jioni ya toharani

Ulikuwa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na jumuiya yetu pale Mbagala ilisali kwa mama mmoja mjane. Jirani yake mlokole alikuwa amemwuliza: Misa ya nini tena, na mtu ameshakufa? Mama alikosa jibu. Katekista akaliweka kando somo la siku ile, akatuambia tufunge vitabu na kila mmoja amjibu yule jirani kwa maneno yake.

Yaliyotoka hapo! Jibu ni toharani, utakaso wa marehemu kabla ya kuingia mbinguni, lakini wengi waliiita nafasi ya pili ya mwenye dhambi. Mzee mmoja akaiita jehanamu ndogo. Katekista, mwalimu wetu, akayakataa yote mawili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1030 na 1031, inawataja waliokufa katika neema na urafiki wa Mungu bila kutakasika kikamilifu: wokovu wao ni wa hakika, na utakaso wao ni kitu tofauti kabisa na adhabu ya waliopotea. Anayeanza na moto, alisema, ameshaharibu maelezo.

Kijana mmoja akakimbilia Wamakabayo wa Pili, sura ya 12, Yuda Mmakabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi, anapochangisha drakma 2,000 za fedha zipelekwe Yerusalemu, itolewe sadaka kwa dhambi za askari waliouawa. Andiko zuri, ila jirani ana Biblia ya vitabu 66, hicho hana. Mwalimu akapanga upya: tangulia na 1 Wakorintho 3:11-15, mtu anayeokolewa "kama kwa moto". Fuata 2 Timotheo 1:18, Paulo anapomwombea Onesiforo rehema "siku ile", lakini usiegemee hapo peke yake, maana wapo wanaosema Onesiforo alikuwa hai bado. Wamakabayo waje mwisho. Hata wakisomwa kama historia tu, wanaonyesha Wayahudi waliwaombea wafu kabla Kristo hajazaliwa.

Bibi mmoja akatoa kitabu chake cha sala cha zamani. Chini ya sala fulani imeandikwa "rehema ya siku 300"; rehema hapa ni ondoleo la adhabu ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa. Je, marehemu anapunguziwa siku 300 toharani? Hapana. Siku zile zilihesabiwa kwa kipimo cha malipizi ya Kanisa la kale, na Papa Paulo VI aliziondoa mwaka 1967. Sasa rehema ni kamili au si kamili, basi.

Likabaki la kufanya. Kuanzia Novemba 1 hadi 8, anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo, anaweza kuwapatia rehema kamili, moja kwa siku. Masharti ni kitubio, komunyo, sala kwa nia ya Baba Mtakatifu (Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha) na moyo usioshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalosahauliwa.

"Mwalimu, niungame kila siku?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Kitubio kimoja kinatosha siku zote nane. Komunyo na sala ndiyo kila siku."

Mama akanigeukia mimi, akauliza Misa ya asubuhi huanza saa ngapi siku za kazi.