Kwa Pantoni Chini ya Minara ya Rion

Ukitoka Patras, Ugiriki, kwenda kuliona daraja la Rion–Antirion, usivukie juu kwanza. Nilishuka basi Rio (ndiyo Rion) nikapanda pantoni ya kwenda Antirrio (Antirion), ng'ambo ya pili, maana kazi ngumu ya daraja hili iko chini.

Minara ni minne, na kati ya mmoja na mwingine pana mita 560. Katikati maji yanafika kina cha mita 65. Wapimaji walitoboa sakafu ya bahari wasiukute mwamba: ni mchanga, tope na udongo wa mfinyanzi, mamia ya mita. Basi wakaikaza kwa mabomba ya chuma ya kipenyo cha mita 2 na urefu wa mita 25 hadi 30, kiasi cha 200 chini ya mnara. (Mnara mmoja haukuyahitaji; ulikuta changarawe nene.) Juu yake wakatandaza kokoto mita 3, kisha wakaketisha msingi wa zege wa kipenyo cha mita 90. Haukufungwa kwenye mabomba! Umekaa kama mtungi juu ya mchanga. Tetemeko likizidi, unateleza. Ungefungwa, nguvu yote ingepanda mnarani, au udongo ungeshindwa na mnara uiname. Ulioteleza bado unatumika, ulioinama umekwisha.

Inua macho sasa. Miguu minne ya zege ya kila mnara, kila mguu mita 4 kwa 4, inakutana juu kwenye nyaya. Ardhi ikiyumba, mguu mmoja unagandamizwa na wa pili unavutwa. Zege la nje huruhusiwa kupasuka, mradi ringi za nondo zinazouzunguka mguu kwa ndani zimebanana. Zikiachana, moyo wa mguu hufumuka.

Sitaha, yaani barabara ya daraja, mita 2,252 mfululizo, inaning'inia kwenye nyaya bila kulalia mnara wowote. Kila mnara una shokapu nne kubwa za kuituliza, pamoja na mhimili mmoja wa kafara: unaizuia sitaha isipeperushwe na upepo, lakini tetemeko kubwa likija unakatika, shokapu zianze kazi. Bila hizo sitaha ingebembea na kuugonga mnara.

Hesabu ilifanywa ili daraja livumilie ardhi ikiisogeza minara miwili jirani hata mita 2. Tetemeko la ukubwa wa 6.4 la tarehe 8 Juni 2008 halikuliangusha.

Kurudi nilipita juu. Mwisho wa sitaha magurudumu ya basi yaligonga chuma cha maungio, pale ilipoachiwa nafasi ya kwenda na kurudi.