Utafiti wa dansi: uhesabu au uulize?

Wengi wanaotafiti dansi hutangaza mkabala wa kimaelezo kabla swali halijakaa sawa, na mara nyingi kinachowasukuma ni hofu ya takwimu. Hiyo si sababu. Andika kwanza sentensi moja ya jibu unalolitafuta. Ikiwa ndani yake mna "zaidi ya", "mara ngapi" au "kwa kiasi gani", tayari umo kwenye mkabala wa kitakwimu. Ikiwa inaeleza mchezaji anavyojua, anavyohisi au anavyoamua, idadi hazitakufikisha.

Chukua suala la kukumbuka mfuatano wa hatua. "Anayejifunza kwa video hukumbuka hatua nyingi kuliko anayefundishwa ana kwa ana?" Hapo utahesabu. "Mchezaji aliyepotea katikati ya dansi hujirudishaje?" Hapo utatazama na kuuliza.

Kuhesabu kuna mtego wake: hatua moja ni ipi? Inaanza mguu unapoinuka, au uzito unapohama? Andika fasili, kisha watu wawili wahesabu video ile ile, kila mmoja peke yake. Wanapoainisha kila sehemu (ni hatua au si hatua), pima makubaliano yao kwa kappa ya Cohen, yaani kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya kubahatisha. Ikishuka chini ya 0.6, rudi kwenye fasili kabla ya kuwalaumu wahesabuji. Angalia na kamera. Kwa fremu 30 (picha moja moja za video) kwa sekunde, kila fremu hubeba takriban milisekunde 33. Hiyo yatosha kuhesabu hatua, lakini ukitaka kujua kama mchezaji anautangulia mdundo kwa milisekunde 20, huoni kitu. Rekodi kwa fremu 120 au zaidi.

Halafu sampuli, ambako tafiti nyingi za dansi huanguka. Kulinganisha makundi mawili ukitarajia tofauti ya ukubwa wa kati, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo) na kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kudai tofauti isiyokuwepo), kunahitaji watu 64 katika kila kundi. Kikundi cha dansi huwa na watu 12 au 15! Ukimpima kila mchezaji kwa njia zote mbili, idadi hushuka hadi 34 kwa jumla, ila nusu yao waanze na njia ya pili, na mfuatano wa hatua ubadilike, la sivyo utapima mazoea. Ukiwa na 12 tu, kutoona tofauti hakuthibitishi kwamba haipo. Heri ubadili swali.

Mahojiano nayo si njia ya mkato. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuiandika, na katika dansi kuna tatizo la ziada: mwili unajua kisichosemeka. Ukiuliza "unafanyaje?" utajibiwa "nausikiliza tu muziki." Mrekodi mchezaji, mwonyeshe video siku hiyo hiyo, isimamishe mahali alipoyumba, uulize: "Hapa uzito wako ulikuwa mguu upi? Ulikuwa unasubiri nini?" Mazungumzo hayo nayo yarekodiwe kwa picha, maana anaposema "nikafanya hivi" mkono wake ndio unaotoa jibu, na sauti peke yake itakuachia pengo. Wakati wa kusimba, yaani kuyapa majibu alama za mada, ukiona mada zako zinafanana na maswali uliyouliza, bado hujachambua. Umepanga majibu tu. Na mwalimu asiwahoji wanafunzi wake mwenyewe, kwa kuwa watasema la kumpendeza.

Kuziba sura kwenye video hakumfichi mchezaji, kwani wenzake humjua kwa mwendo. Fomu ya ridhaa itenganishe ruhusa ya kuchambua na ruhusa ya kuonyesha.

Kuchanganya mikabala kunafaa pale ya kwanza inapoielekeza ya pili: hesabu kwanza, kisha wahoji waliokumbuka zaidi na waliosahau zaidi. Kuambatisha hojaji ya maswali kumi mwishoni ili kazi ionekane ya kisayansi hakuongezi kitu, na msimamizi makini ataiona mara moja.