Mchaichai

Mpaka leo ukichemsha chai ya mchaichai hapa kwetu Kibirizi, Kigoma, ma'mdogo anatoka nje. Hasemi kitu, anaenda zake kukaa kibarazani mpaka harufu iishe. Februari 2021 bibi alituacha, korona ile tuliyokuwa tunaita "changamoto ya upumuaji", na wiki nzima ma'mdogo ndo alikuwa anampiga nyungu, mwarobaini, malimao, mchaichai, blanketi juu, yeye na mkwewe wanatoka jasho pamoja. Sasa hivi mtu akikohoa usiku anakurupuka, moyo unamwenda mbio, na miaka imepita.

Nikaanza kusomasoma. Kumbe kuna kitu kinaitwa msongo wa mawazo baada ya kiwewe, tukio linakurudia kichwani au ndotoni, unakwepa kila kinachokukumbusha, unashtukashtuka, mwezi unapita haliishi. Wanawake wanaupata karibu mara mbili ya wanaume na hilo lilishajulikana kabla ya korona. Wachina walihoji watu 285 Wuhan na miji ya jirani mwanzoni mwa 2020, asilimia 7 walikutwa na dalili, na wanawake ndo walizidi, hasa kwenye tukio kujirudia na kushtukashtuka. Sababu wanazotaja ni homoni, ukatili ambao mwanamke alishapitia huko nyuma, halafu na nani anauguza ndani ya nyumba. Hiyo ya mwisho sihitaji kusoma, nilikuwepo.

Ila jamani ba'mdogo. Bibi alikuwa mama yake mzazi. Yeye anavua dagaa, na dagaa ni giza, taa zinawashwa ndo wanakuja, mbalamwezi ikitoka watu wanapumzika wanashona nyavu. Toka msiba ule yeye hata mbalamwezi yuko mwaloni, analala ndani ya mtumbwi. Watu wanamsifu eti mchapakazi! Chumba cha bibi hajawahi kuingia tena, akitaka kitu humo anatuma mtoto. Muulize, atakwambia yuko fiti, mpe dodoso atajaza yuko fiti, na dalili zake zote atazihesabu ni uchovu wa kazi. Kwa hiyo ile mara mbili naikubali, lakini mimi naona wanaume wengine wamejificha humo humo kwenye hesabu.

Juzi mbalamwezi ilikuwa kali, ma'mdogo akabeba chupa ya chai akamfuata mwaloni. Chai ya tangawizi.