Barabara Moja Hadi Ogikubo

Tetemeko la Machi 11, 2011 lilinikuta kazini Jimbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vikuukuu katikati ya Tokyo. Ilikuwa Ijumaa, saa nane na dakika 46 mchana. Lilianza taratibu kama mengine mengi tuliyoyazoea, na wenzangu hawakuinua hata macho. Lakini halikukoma. Makabati ya chuma yakaanza kusogea, taa zikayumba, jengo zima likalia kwa sauti ambayo sikujua kwamba zege linaweza kuitoa. Tuliingia chini ya meza tukakaa dakika kadhaa. Niliona mkono wa mwenzangu wa meza ya pili umeng'ang'ania mguu wa meza hadi vidole vimekuwa vyeupe, nami nikamshika mkono huo bila kusema neno.

Wajapani hupima mtikisiko wa mahali kwa kipimo kinachoishia 7, na sehemu za Tokyo siku ile zilipata 5 ya juu, yaani nusu ya juu ya daraja la 5. Lifti zilisimama. Treni zilisimama. Si kwamba reli zilikuwa zimevunjika kila mahali. Ni kwamba baada ya mtikisiko mkubwa namna ile lazima watu wazikague njia, madaraja na mahandaki kabla abiria hajapanda tena. Katika jiji ambalo watu wengi sana huenda kazini kwa treni, maana yake ni kwamba mamilioni walikuwa mbali na nyumbani bila usafiri. Baadaye serikali ilikadiria zaidi ya milioni tano katika Tokyo na mikoa jirani.

Simu hazikupita. Intaneti ilipita kwa kusuasua, na kwa njia hiyo nikamwandikia mdogo wangu: mzima, mwambie mama. Jua lilipokaribia kuzama nikaamua kutembea. Nilikuwa naishi Ogikubo, magharibi mwa jiji, zaidi ya kilomita 12. Mkuu wetu wa idara, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alichora barabara yangu kwenye karatasi. Ulikuwa mstari mmoja tu. Shika Yasukuni-dori, akasema, usiiache. Ukivuka chini ya reli pale Shinjuku itageuka kuwa Ome Kaido, na Ome Kaido itakufikisha. Nilikuwa nimeishi katika jiji lile kwa muda mrefu na kulijua kwa vituo vyake, natumbukia ardhini hapa na kuibukia kule, na sikuwa nimewahi kuwaza kwamba barabara iliyopita mbele ya ofisi ndiyo hiyohiyo iliyopita karibu na kwangu.

Karibu na Kudanshita niliona magari ya wagonjwa. Kesho yake ndipo nikasikia kwamba dari la ukumbi mmoja pale lilikuwa limeanguka wakati wa mahafali na kuua watu wawili.

Kuanzia Ichigaya njia za waenda kwa miguu zilijaa pomoni. Wengine walivaa kofia ngumu za ofisini. Hakuna aliyesukuma, na sauti zilizosikika zaidi ni za viatu. Magari hayakwenda, kwa kuwa barabara za juu za kulipia zilifungwa na kila kitu kikashuka chini; nililipita basi moja, na halikunipata tena. Kila ardhi ilipotetemeka tena simu zililia pamoja kwa onyo la tetemeko, mfuko kwa mfuko, umati mzima ukasimama na kutazama vioo vya maghorofa, kisha ukaendelea.

Watu waliokuwa kando ya barabara nawakumbuka kuliko kitu kingine chochote. Mwenye duka alitundika kipande cha boksi: choo kipo, karibuni. Mwingine alitoa kiti chake nje akamkalisha mama mjamzito. Kwenye kituo kidogo cha polisi askari kijana alielekeza watu kwa ramani ya ukutani, sauti imemkauka. Kwenye vibanda vya simu foleni zilikuwa ndefu, na simu hizo zilifanywa bure usiku ule. Niliwaona watu wakizungumza maneno mawili matatu tu, wakakata, ili anayefuata apate.

Shinjuku, kituo ambacho kwa kawaida hupitisha mamilioni ya abiria kwa siku, nilikikuta na watu wameketi sakafuni juu ya magazeti. Baridi ilikuwa kali. Sikusimama.

Nilifika kama saa nne usiku. Bibi mwenye nyumba alikuwa amenisubiri mlangoni na tochi. Gesi ilikuwa imejifunga, kwa sababu mita hukata zenyewe mtikisiko ukifika 5, naye akanionyesha kitufe cha kubonyeza na taa nyekundu ya kungojea izime. Kisha akaniambia niingie kwake, nile kitu cha moto.

Televisheni ilikuwa imewashwa. Njiani nilikuwa nimesikia watu wakitaja tsunami, ila sikuwa nimeona. Niliona maji meusi yakila mashamba karibu na Sendai, kaskazini-mashariki mwa Japani, nyumba zinaelea, na mji wa Kesennuma kwenye pwani hiyo unawaka moto gizani. Miguu iliyokuwa ikiniuma sikuisikia tena. Bibi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mdogo wake yuko Ishinomaki, mji wa pwani hiyohiyo, na hajibu.

"Bibi, lete namba yake," nikasema.

Kuna namba 171, ambayo wakati wa maafa mtu huacha ujumbe wa sauti na jamaa zake wakausikiliza kwa kutumia namba ya simu ya nyumbani. Tulipiga, tukaacha ujumbe wetu, tukapiga tena kusikiliza kama kuna wake. Tulifanya hivyo usiku kucha kwa zamu, yeye akisinzia mimi nabonyeza. Siku zilipita ndipo jibu likaja, si kwa simu bali kwa jirani aliyefanikiwa kutoka: mdogo wake yu hai, analala kwenye ukumbi wa michezo wa shule, na anaomba soksi.

Siku hiyohiyo tulikwenda kuzinunua.